Daftari la Mangi na bima ya gari

Shemeji aliiweka simu katikati ya meza, akawasha spika.

"Shem, hebu nisikilizie. Huenda ni Kiingereza changu."

Haikuwa Kiingereza chake. Wakala wa bima alikuwa ameshataja bei, na sasa aliirudia kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamaziwa na wateja. Kwa Corolla kuukuu ambayo rangi ya boneti imebabuka, shemeji alitakiwa kulipa karibu mara mbili ya ninayolipa mimi kwa gari jipya zaidi. Tunaishi nyumba moja hapa Kent, kusini ya Seattle, jimbo la Washington. Tunaegesha sehemu moja. Tunapita barabara zilezile.

"Nina tiketi ya trafiki?" akauliza.

Wakala akasema hapana, rekodi ni safi.

"Nimemgonga mtu?"

Hapana.

"Basi ni nini?"

Ni mchanganyiko wa mambo, akajibu, na mojawapo ni taarifa za kredi, yaani historia yake ya kukopa na kulipa.

Shemeji alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezitoa. Huyu ni mtu aliyeendesha malori ya mizigo kutoka Dar hadi Lubumbashi, akapanda mlima wa Kitonga usiku na tela limejaa, akalala kwenye foleni za Tunduma na Kasumbalesa. Ana mengi ya kusemwa juu ya udereva wake. Juu ya mikopo yake hakuwahi kudhani kuna mtu wa bima atakayetaka kujua.

Lile swali lake, basi ni nini, limenikaa kichwani wiki nyingi sasa.

Kredi si sababu pekee

Sitaki kuipamba hadithi. Leseni yake ya Marekani ni changa, na miaka yote ya Kitonga haina mahali pa kujazwa kwenye fomu. Hakuwahi kuwa na bima kwa jina lake hapa, na kampuni humpenda mtu ambaye bima yake haijawahi kukatika. Hajaoa, na hilo nalo katika majimbo mengi lina bei yake.

Kwa hiyo usiku ule nilipokaa na karatasi kujaribu kutenganisha dola za ugeni na dola za kredi, sikufika mbali. Kampuni haikupi hesabu yake. Inakupa jumla.

Nusura niache. Kisha ikaja barua.

Barua

Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za mikopo Marekani inataka kampuni ikutaarifu kama imekuwekea masharti mabaya zaidi kwa sababu ya taarifa hizo. Shemeji aliileta bahasha ikiwa bado imefungwa. Bahasha za serikali na za kampuni yeye huziogopa zote kwa usawa.

Ilisema taarifa zimetoka taasisi fulani ya kumbukumbu za mikopo. Ilisema taasisi hiyo siyo iliyopanga bei, kwa hiyo asiende kuilaumu. Ilisema ana siku 60 za kuomba nakala ya ripoti yake bila malipo, na haki ya kupinga lolote lililokosewa. Halafu zikaja sababu: kuna malipo yaliyochelewa, akaunti zake bado changa, salio la deni ni kubwa ukilinganisha na kikomo cha kadi.

Nilizisoma kwa sauti mara mbili. Hakuna iliyotaja gari.

Na barua hii si kila mtu anaipata. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Safeco dhidi ya Burr, iliamua kwamba hata mteja mpya anastahili taarifa, lakini pale tu bei yake inapokuwa mbaya kuliko ambayo angepewa kama kredi isingeangaliwa kabisa. Maana yake, ukiwa katikati hupati barua, hata kama jirani yako mwenye historia nzuri amepunguziwa na wewe hukupunguziwa. Kimya cha kampuni hakikuambii kwamba kredi yako haikutazamwa.

Kilichokuwa ndani ya ripoti

Tukaomba ripoti. Ilikuwa fupi, na haikuwa na kosa lolote. Afadhali ingekuwa na kosa, tungelipinga.

Alipofika Marekani alishauriwa na watu wema, wakiwemo watu wa nyumba hii, ajenge kredi. Akachukua kadi ya duka la samani, akanunua godoro na meza. Akalipa vizuri. Kisha mama mkwe wangu, mama yake mzazi, akalazwa Muhimbili.

Mnajua kinachofuata. Simu za usiku, kundi la familia la WhatsApp, nani ametuma na nani bado. Shemeji alituma kila alichokuwa nacho, na tarehe ya kadi ikapita. Mwezi uliofuata ikapita tena. Dawa ya deni ni kulipa, naye alilipa, tena na riba na faini juu. Lakini alama ya kuchelewa hukaa kwenye ripoti miaka 7.

Sasa hapa ndipo niliposhindwa kulala.

Sisi nasi tulituma. Mimi na mume wangu tulituma kwa ajili ya mama yuleyule, hospitali ileile, na kusema kweli tulituma zaidi. Ripoti zetu hazina hata doa. Hatukuwa waungwana kuliko shemeji, wala hatukumpenda mama kuliko yeye. Tulikuwa na akiba benki, tukaichota, na bili za huku zikaendelea kujilipa zenyewe tarehe zake.

Ugonjwa mmoja, familia moja, na madereva wawili wenye bei mbili.

Kampuni ya FICO, ambayo alama zake za kupima ukopaji wa mtu ndizo mabenki huangalia, ilianza kuuza alama maalumu za bima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye alama hizo historia ya kulipa huchukua asilimia 40, madeni yaliyopo 30, umri wa historia 15, kutafuta mikopo mipya 10, na aina za mikopo 5. Mshahara haumo. Pesa unazotuma nyumbani hazimo. Kodi ya nyumba uliyolipa kila mwezi bila kukosa, mara nyingi nayo haimo.

Kisha nikakuta kituko kingine kwenye sheria za jimbo letu. Hapa Washington kampuni haitakiwi kumpandishia mtu bei kwa sababu tu hana historia ya mikopo, isipokuwa kama imewasilisha takwimu maalumu kwa kamishna wa bima. Kwa hiyo asiyekopa kabisa ana ngao fulani. Aliyejaribu kukopa kama tulivyomfundisha, akateleza mara mbili kwa sababu ya mama yake, hana.

Nilipomweleza, shemeji alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Kwa hiyo lile godoro ndilo lililonigonga."

Mangi anajua nini

Kila mtaa wa Dar una Mangi, mwenye duka la rejareja, na kila Mangi ana daftari. Ukutani ameandika leo kwa fedha, kesho kwa mkopo, na bado nusu ya mtaa imo kwenye daftari. Mangi anajua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hupita njia ya nyuma, nani alifiwa na anapaswa kuvumiliwa. Hilo daftari ni haki yake. Mchele ni wake.

Lakini konda wa daladala haendi kwa Mangi kuuliza kabla ya kukutajia nauli.

Nilikuwa nikilitumia neno hili sana nikibishana na watu, mpaka rafiki yangu Mkenya akanikatiza. Akanikumbusha kwamba kwao konda ameshakwenda kwa Mangi. Kwa miaka mingi kijana wa Nairobi aliyemaliza chuo ametakiwa kupeleka kwa mwajiri cheti cha CRB, taasisi ya kumbukumbu za mikopo, kuonyesha hadaiwi, na wengine waliorodheshwa kwa mkopo wa simu usiozidi bei ya kiatu. Ulikopa elfu kwa simu, ukachelewa, ukakosa karatasi ya kuombea kazi ambayo ndiyo ingelipa ile elfu. Taarifa iliyokusanywa kwa jambo moja hupata matembezi.

Bima ya gari nyumbani bado haijafika huko. Bima ndogo ya gari binafsi tuliyoizoea Tanzania, ile 118,000 pamoja na VAT, haikuuliza wewe ni nani. Bima kubwa ilitazama thamani ya gari. Ukiwa tajiri au ukiwa na madeni kila kona, stika ilikuwa ileile. Sisemi ule ni mfumo bora. Dereva mzuri na dereva wa hovyo nao walilipa sawa, na kama umewahi kupanda gari na binamu yangu fulani wa Mbagala utajua hilo lina dhuluma yake.

Hasira yangu ilipokwama

Nilitaka kuandika makala hii ikiwa ya hasira tupu. Ningeimaliza mapema zaidi.

Kilichonikwamisha ni ripoti ya Julai 2007 ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji. Bunge lilikuwa limeiagiza ichunguze alama hizi kwenye bima ya magari. Nilitegemea kukuta wanasema ni ubabaishaji. Walisema kinyume: alama zinabashiri. Watu wenye alama za chini, wakichukuliwa kwa wingi wao, huigharimu kampuni madai mengi zaidi. Walikuta hivyo kwenye bima ya majeruhi, ya mali ya wengine, ya kugongana, na ya wizi na majanga.

Ripoti hiyohiyo ilikuta kwamba Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wamerundikana kwenye alama za chini. Na ilisema haina ushahidi wa kutosha kueleza kwa nini alama na madai vinakwenda pamoja. Mmoja wa makamishna wa tume, Pamela Jones Harbour, alikataa kuiunga mkono, akihoji data zilizotumika, kwa kuwa zilitoka kwa kampuni za bima zenyewe.

Nikajipa maelezo yangu. Ajali na dai si kitu kimoja. Mwenye akiba akikwaruza gari lake hulipa fundi kimyakimya ili bei yake isipande mwakani. Asiye na akiba hupiga simu bima, maana hana pengine pa kupiga. Kampuni haioni waliogonga, inaona waliodai. Nilifurahi na maelezo haya siku nzima.

Kisha nikakumbuka shemeji amekata kiwango cha chini tu cha sheria ya jimbo: dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa ajali, 10,000 kwa mali ya mwenzake. Kwa bima hiyo hawezi kudai mkwaruzo wa gari lake hata akitaka. Anayedai ni aliyegongwa. Na FTC walikuta alama zinabashiri huko pia. Unaweza kusema mwenye pesa humalizana na aliyemgonga pale pale barabarani, akamlipa mkononi. Yawezekana. Lakini sasa nilikuwa navuta kamba ili ifike.

Basi tuseme zinabashiri. Bado nina swali, na nadhani ndilo alilokuwa akiuliza shemeji. Kubashiri kundi kunatosha kuwa haki ya kumtoza mtu? Tukipima vya kutosha tutakuta mambo mengi yanayokwenda pamoja na madai: mtaa, elimu, kazi. Kampuni nyingi tayari hutumia baadhi yake. Ukiyafuatilia, mengi yanakurudisha kwenye jambo moja, yaani una akiba kiasi gani nyuma yako siku mambo yanapoharibika.

Mwaka 2015 jarida la Consumer Reports lilipitia bei za nchi nzima. Katika jimbo la Florida walikuta mtu mwenye rekodi safi ya udereva na kredi mbaya akitozwa kwa wastani dola 1,552 zaidi kwa mwaka kuliko mtu mwenye kredi nzuri kabisa aliyetiwa hatiani kwa kuendesha amelewa.

Huyo wa pili nisingempa hata baiskeli.

Olympia

Si lazima iwe hivi. California wapiga kura walipitisha Pendekezo 103 mwaka 1988, na tangu hapo bei hutakiwa kutegemea kwanza rekodi yako ya udereva, kisha maili unazotembea, kisha miaka ya uzoefu. Kredi haiingii. Massachusetts na Hawaii nako haiingii kwenye bima ya gari. Magari yanatembea, na kampuni za bima bado zipo.

Jimbo letu nalo lilijaribu, huko Olympia, makao makuu yake. Machi 2021 kamishna wa bima wa wakati huo, Mike Kreidler, alitoa kanuni ya dharura kupiga marufuku alama za kredi. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu: sheria za msaada wa korona ziliruhusu watu waahirishe madeni bila kuandikwa kuwa wamechelewa, hivyo ripoti za mikopo zilikuwa zimepoteza maana, na misaada ikiisha wangeumia wengi kwa mkupuo. Vyama vya kampuni za bima vikaenda mahakamani. Kanuni ya dharura ikaanguka Oktoba mwaka huohuo. Akaleta ya kudumu mwanzoni mwa 2022, na Agosti hakimu wa kaunti ya Thurston akaifuta, akisema kamishna amevuka mamlaka yake kwa kuwa bunge lenyewe liliruhusu kredi itumike.

Haya yote yalipita nikiwa naishi hapa, na nilichokikumbuka zaidi hakikutoka kwenye taarifa ya habari. Ni mama mmoja wa kanisani kwetu, Mkenya, nesi mstaafu. Amelipa kila bili yake kwa wakati tangu aingie nchi hii. Marufuku ilipokuja, bima yake ilipanda. Hakugonga mtu, hakupata tiketi. Punguzo alilokuwa akipewa kwa ajili ya kredi yake liliondolewa, na pengo la wale walioshushiwa likagawiwa kwa watu kama yeye. Wazee wengi wa jimbo hili walilalamika hivyo hivyo mwaka ule.

"Nimefanya kosa gani?" aliuliza.

Swali lilelile la shemeji, kutoka upande wa pili.

Nimewaweka hawa wawili pamoja kichwani mwangu mara nyingi, na mizani haijanitulia. Yule mama naye anaishi kwa pensheni, hana cha kumwaga. Ukiniuliza kwa nini yeye alipe zaidi ili shemeji alipe pungufu, jibu nililonalo ni kwamba wote wawili walipe kwa jinsi wanavyoendesha. Naye huenda kanisani tu na dukani, kwa hiyo mfumo unaopima maili kama wa California ungemfaa kuliko punguzo alilonyang'anywa. Lakini Kreidler hakuleta California. Aliondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote mahali pake, na bili ya mama ikapanda. Siwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya hoja yangu.

Tulichofanya na shemeji

Kwa wanaohitaji, kwa ufupi. Kila kampuni ina namna yake ya kuisoma ripoti ileile, ndiyo maana bei za mtu mmoja hutofautiana sana. Kuuliza bei ya bima hakushushi alama zako kama kuomba mkopo kunavyoweza kushusha, kwa hiyo uliza kampuni nyingi bila woga. Ripoti zako unaweza kuziona bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com, zitazame kabla ya kutafuta bima, si baada ya barua. Na wakati wa kuhuisha, ikiwa mambo yako yametengemaa, iambie kampuni ipitie kredi yako upya, maana nyingine hazijisumbui mpaka uombe.

Tulipata bei nafuu kwa kampuni nyingine, bado juu ya yangu. Walimpa pia nafasi ya kuweka programu kwenye simu inayopima anavyoendesha: breki za ghafla, mwendo, saa za kuwa barabarani. Nikasema hatimaye, kuna anayetaka kumwona akiendesha! Programu ilimsifu kwa breki. Ikamkata kwa kuendesha usiku. Anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la bondeni, anatoka saa tisa alfajiri wakati barabara haina hata paka, na programu inahesabu hizo kuwa saa za hatari.

Ameiacha iwashwe. Anasema afadhali akatwe kwa kitu alichokifanya barabarani.

Mimi nimeandika barua kwa mbunge wangu wa Olympia, nikimtaka bunge lipitishe lenyewe alichozuiwa kamishna, lakini liweke rekodi ya udereva na maili mbele kama walivyofanya California. Kabla ya kuituma nilipiga hesabu ya nyumbani. Kredi yetu ni nzuri, tunaendesha maili nyingi, na sheria hiyo ikipita sisi ndio tutakaolipa zaidi. Nimeituma hivyo hivyo. Mume wangu hakubaliani nami, na bili iko kwa jina lake.